Viberiti Thelathini na Kimoja

Tk. Tk. Kimya kidogo. Tk.

Umeme ulikuwa umekatika na alfajiri bado nzito, lakini Mama Viberiti hakuhitaji taa kuijua sauti ile. Binti yake wa miaka mitano alikuwa mezani anapanga viberiti vitupu juu ya kitambaa cha rangi mbili.

"Kidege, unamharibia mama masomo."

"Siharibu. Nakusaidia."

Jina la Viberiti mama alipewa na majirani, baada ya kuwazungukia mlango kwa mlango akiomba viberiti visivyo na njiti. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya hisabati, masomo ya jioni, na swali moja lilikuwa limemshinda. Kitambaa kina vyumba sitini na vinne, nane kwa nane, vyekundu na vyeupe vikipishana. Kunja kwa chini vyumba viwili vya kona zinazotazamana kimshazari, vibaki sitini na viwili. Kila kiberiti hufunika vyumba viwili vilivyo jirani. Je, viberiti thelathini na kimoja vitakifunika chote?

Wiki iliyopita aliandika kwa mbwembwe: "Nimejaribu mara arobaini, nimeshindwa. Kwa hiyo haiwezekani."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mama, hapo umethibitisha kwamba umechoka. Kitambaa hakijachoka! Jumatano uje ubaoni. Ukikosa, mtihani hufanyi, na kozi unairudia mwakani."

Jumatano yenyewe ndiyo hiyo iliyokuwa inapambazuka.

Akawasha mshumaa. Kidege alikuwa amenuna.

"Vyekundu tena! Jana vilibaki vyekundu, leo vyekundu. Mbona vyeupe havibaki?"

Mama alitaka kumwambia akalale, badala yake akakiinamia kitambaa. Akaikunjua kona moja. Akaikunjua ya pili. Nyeupe. Nyeupe.

"Mwanangu wee," akasema, akaketi palepale sakafuni, anacheka.

Jioni shangazi mtu, anayekaa na mtoto siku za masomo, aliitwa kazini ghafla. Basi Kidege naye akaenda chuo kikuu, akawekwa dawati la nyuma kwa ahadi ya kufunga mdomo.

"Mama Viberiti, safari hii umejaribu mara ngapi?" mwenzake mmoja akamchokoza.

"Hata moja," akajibu, akichukua chaki. "Tazameni. Vyumba jirani havifanani rangi. Kwa hiyo kiberiti, ukiweke utakavyo, kinakula chekundu kimoja na cheupe kimoja. Viberiti thelathini na kimoja vinataka vyekundu thelathini na kimoja, vyeupe vivyo hivyo. Lakini kona tulizokunja zote ni nyeupe! Vyeupe vimebaki thelathini tu. Vyekundu thelathini na viwili."

"Na akija mtu hodari kuliko wewe?" akauliza mwalimu.

"Aje na ukoo wake wote, Mwalimu. Watachoka kama mimi."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaukagua ubao mstari kwa mstari. Kisha akachukua kalamu, akatia alama ya vema mbele ya jina la Mama Viberiti kwenye orodha.

"Tutaonana kwenye mtihani. Ila niambie, nani kakuonyesha rangi?"

Mama akageuka, na darasa zima likageuka naye. Kidege alikuwa kajiziba mdomo kwa mikono miwili tangu mwanzo. Akaitoa.

"Vyekundu viwili havina wenzao."