Kikapu cha Jumamosi

Daktari Egbert alikuwa amekwisha kuufunga mfuko wa kipimo mkononi mwa Byarugaba ndipo akaona shavu la mzee limetuna.

"Mzee, umetafuna?"

"Sasa nisipotafuna mimi, ninyi wageni wangu mtatafunaje?" akajibu Byarugaba, na majirani waliojazana uani wakaangua kicheko.

Kweli, angefanyaje? Mwinjilisti alitangaza kanisani kwamba watafiti wa presha watapita nyumba kwa nyumba hapa Nyabiyonza, na kwamba atakayepimwa asiguse kahawa asubuhi hiyo, maana huupandisha msukumo wa damu na kuuharibu utafiti. Watu waliitikia vizuri tu. Lakini mgeni akiketi, kikapu cha kahawa ya kutafuna sharti kitoke, na mwenye nyumba sharti aanze yeye, wageni waone kwamba hakuna sumu. Mwinjilisti mwenyewe hajapata kuondoka nyumbani kwa mtu mdomo mtupu!

Daktari akapima hivyo hivyo. Uso ukambadilika, akapima tena.

"Iko juu mno," akasema. "Huenda ni kahawa, huenda siyo. Kipimo hiki hakifai. Nitarudi Jumamosi, mzee wangu. Usitafune, nakuomba."

Watu wote uani walisikia "ni kahawa". Placidia, mke wa Byarugaba, alisikia "huenda siyo". Yeye ndiye aliyejua kwamba tangu masika mumewe haamki kitandani bila kushika ukuta, na kwamba kisogo kinamgonga hadi anatapika. Alijua pia habari za jirani yao, Apolinary, aliyeambiwa hospitali kwamba moyo wake umetanuka. Apolinary alirudi nyumbani, akaweka jembe chini, akakaa kungoja, na kabla ya mvua nyingine wakamzika. Kwa Placidia, kilichomuua Apolinary ni kule kuambiwa. Nani angemtoa katika imani hiyo?

Jumamosi asubuhi Byarugaba alinawa uso, akavaa shati la kanisani.

"Leo sitafuni, Mama Evangelina," akamwambia mkewe. "Wageni watanisamehe. Kichwa hiki nataka nijue kina nini."

Placidia akaingia ndani. Lakini daktari alipofika, na shikamoo na marahaba zilipokwisha, alitoka ndani na kikapu, akapiga magoti mbele ya mumewe, majirani wote wakitazama. Byarugaba alimkazia macho. Angekikataa vipi kikapu mbele ya wageni, kimeletwa na mkewe mwenyewe? Akachukua punje moja, akatia kinywani.

"Ah, mama, jamani!" Daktari akashusha pumzi. "Basi, utafiti tuuache. Lakini Jumatatu mlete zahanati, asitafune chochote. Umenisikia?"

"Nitamleta, daktari."

Hakumleta. Jumatatu ilikuwa siku ya kuvuna, na Jumanne vilevile, naye Byarugaba, ambaye kila mtu alikwisha kumcheka kwamba anaugua kahawa, aliona haya kuuliza tena. Kiharusi kilimkuta kibanjani, katikati ya migomba, panga mkononi. Wakambeba kwa machela, nusu ya mwili imekufa na maneno yamemkauka.

Mwaka uliofuata watafiti wakarudi. Daktari Egbert alimkuta mzee amekalishwa mlangoni, akasimama kwanza, kofia mkononi. Kisha akachuchumaa, akamfunga mfuko.

"Leo ametafuna?"

"Hajagusa, daktari. Nimemzuia."

Mfuko ukajaa, ukanywea. Daktari akaurudia, halafu akaitazama mashine.

"Iko pale pale," akasema polepole. "Kama siku ile ya kwanza. Naikumbuka."

Placidia akaingia ndani haraka. Kumbe kahawa wameisingizia! Akaegemea ukuta ule aliokuwa akiushika mumewe, akalia, kanga mdomoni asisikike. Laiti angemwacha ajue. Alikuwa na haki ya kukijua kichwa chake, na yeye alimnyima kwa magoti na heshima, mbele za watu, mahali ambapo hangeweza kukataa.

Uani wageni walikuwa bado wameketi. Wageni ni wageni. Akajifuta uso, akakitwaa kikapu. Kipimo kilikwisha kuchukuliwa, kahawa haikuwa na cha kuharibu tena. Akapiga magoti mbele ya Byarugaba, ili aanze yeye.

Mkono wa kulia ulilala pajani kama si wake. Ule wa kushoto ukainuka taratibu, hata Placidia akasogeza kikapu karibu apate kuokota. Mzee hakuokota. Aliweka kiganja kwenye ukingo wa kikapu, akakisukuma kando, macho yake yakiwa usoni pa mkewe.

Daktari akainama, akajishughulisha na mashine. Placidia akabaki pale chini, magoti kwenye udongo, na kikapu hakuna aliyekigusa.