Jiwe Nililoliosha

Sisi wakusanyaji wa mawe tuna maradhi yetu, na yangu mimi ni mawe ya zinki. Ndiyo, zinki hii hii inayopakwa mabati yasishike kutu. Ikiwa bado ardhini, imechanganyika na hiki na kile, hutoa rangi za kumtia mtu wazimu: manjano ya embe bivu, kijani, waridi, buluu. Ninalo jiwe la Tsumeb, Namibia. Ninalo la Kabwe, Zambia. Ninalo moja la Ugiriki, kutoka mashimo yaliyochimbwa kabla Nabii Isa hajazaliwa. Mke wangu Damaris huyaita wake wenza, na hakosei sana.

Lakini lililoyapita yote halikutoka mbali. Lilitoka kwenye mgodi wa zamani nyuma ya vilima vya Kaloleni, alikofanya kazi marehemu baba yangu, mzee Lewa. Ukubwa wake kama nazi iliyofuliwa, buluu iliyokoza, vinundu vinundu, na nusu yake imegandwa na udongo mwekundu. Baba aliniachia kwa sharti moja.

"Mangi, hili usilioshe. Liache na udongo wake."

Hakusema kwa nini. Habari za mgodi hakuzizungumza kamwe, nami nikadhani ni ushamba tu wa mzee.

Nilitii miaka kumi na minane. Wiki iliyopita mkusanyaji mwenzangu wa Ujerumani akaniandikia kwamba picha ya jiwe lenye matope haiwezi kuingia kwenye kitabu chake. Kiburi kikanipanda. Mimi ni fundi wa meno ya bandia hapa Kilifi, vifaa vya kusafishia sehemu finyu ninavyo tele. Nikalitia kwenye beseni, nikalisugua kwa brashi ya meno siku mbili nzima, nikachokonoa kila ufa kwa sindano. Damaris akanicheka kwamba nitalisugua mpaka litoke roho. Maji mekundu niliyamwaga mferejini, na mvua ya masika ikayamalizia.

Ijumaa asubuhi akaja mama Kabibi kutoka Kaloleni, ameshikwa mkono na mwanawe Kambi. Nilimjua kwa mbali tu, kuwa ni mjane wa Mwaro, mchimbaji aliyekuwa rafiki wa baba. Amekonda, anapumua kwa shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata amana yangu kwa baba yako."

Nikamkaribisha kiti. Hakungoja hata chai.

"Siku ile Mwaro na baba yako walikuwa shimo moja. Mwaro akang'oa jiwe la buluu, akampa Lewa alitoe nje, msimamizi alione. Lewa hata hajafika kwenye mwanga, paa likashuka. Maji yakajaa. Mume wangu hakutolewa, wala koleo lake halikutolewa. Baba yako akaniletea lile jiwe, akasema, 'Kabibi, udongo huu ni wa pale alipolala. Chukua, tuuzike.' Nikamfukuza. Nilikuwa na mimba ya huyu Kambi, nikashikilia kwamba mume wangu atatoka. Lewa akaniambia, 'Basi nitakuwekea. Siku ukiwa tayari, njoo.'"

Akapumzika kidogo, mkono kifuani.

"Imenichukua miaka arobaini na tisa kuwa tayari, Mulungu anisamehe. Sasa Mwaro ananijia ndotoni, amelowa chapachapa, anauliza kwake ni wapi. Kaburi tumeshachimba kando ya nyumba. Kesho watu wanakuja. Nipe udongo wake, mwanangu. Mimi mwenyewe siku zangu zimekwisha, na sitaki kumtangulia kulala nyumbani."

Nikasema naam, ngoja nilete, nikatoka nyuma ya nyumba karibu nikimbie. Nikapiga magoti mferejini, nikachimba kwa vidole. Mchanga, majani, povu la sabuni. Hakuna kitu. Nililia, sioni haya kusema. Baba alinikabidhi maiti ya mtu nami nikaimwaga kama maji ya vyombo.

Damaris alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akaniletea kikombe. "Chota pale kwenye mpapai," akanong'ona, "udongo ni mwekundu vilevile. Mama mzee yule, atajuaje? Mwache aende na amani yake."

Hakuwa na ubaya, mke wangu, alikuwa na huruma. Nami nikachota. Nikafika nacho kile kikombe mpaka mlangoni, nikamwona mama Kabibi ameshatandika leso magotini, amekinga mikono yote miwili. Nikakiweka chini pale pale.

"Nimeuosha, mama," nikasema. "Wiki iliyopita. Sikujua ni nini. Nimeuosha wote."

Aliyesimama ni Kambi, jitu zima lenye mvi.

"Umemsugua baba yangu kwa brashi ya meno?"

Nikalitoa jiwe kabatini, nikalipakata mbele yao. Nikamwambia mama alichukue, alizike zima zima. Mwaro aliling'oa kwa mkono wake mwenyewe, bila shaka hilo linatosha.

"Nizike jiwe?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Jiwe ndilo alilolifuata humo ndani. Leo nimlaze nalo kitanda kimoja?" Akaanza kuikunja leso. "Twende, Kambi. Tukawaambie watu wasije."

Hapa lazima niseme ukweli wote, hata ukiniaibisha. Nilijua tangu mwanzo. Jiwe la namna hii huwa na uvungu ndani, nawe ukilipima mkononi unausikia. Hili lilikuwa jepesi kuliko umbo lake, na uvungu huvuta udongo kupitia nyufa zisizofikiwa na brashi. Nilijua hata nilipokuwa nimepiga magoti mferejini. Lakini mkusanyaji hawezi kulivunja jiwe. Afadhali lizikwe zima, lioze gizani na buluu yake, kuliko kupasuliwa. Nilimtolea mama Kabibi jiwe ili asinitake nilivunje.

Alipofika mlangoni akashika mwimo, pumzi zimemwishia, nikasikia anavyovuta hewa. Nikachukua nyundo.

"Mama, ngoja."

Pigo la kwanza likarusha vinundu sakafuni. La pili nikafumba macho. La tatu jiwe likafunguka.

Katikati palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na ndani yake udongo mwekundu, mkavu, haujafika hata kijiko cha chai. Mama Kabibi akarudi, akapiga magoti juu ya vipande vya buluu pasipo kuviangalia. Nikaudondosha polepole kwenye pindo la leso yake. Akauinamia kwa muda mrefu. Alipotaka kulifunga fundo, Kambi akachutama kando yake.

"Mama," akasema, "naomba nimshike kidogo. Sijawahi."

Akamfungulia leso.