Kipande cha Kinamasi cha Attracta

…na kwa nini akalie kile, viti vimejaa jikoni humu mwa Attracta, kuna benchi, kuna stuli pale mlangoni, lakini Enda Tarpey kaenda moja kwa moja kwenye kiti cha kando ya moto kama mtu aliyezaliwa humu, miguu kaitandaza, soksi zinafuka mvuke, na Attracta anammiminia chai, anamkatia mkate kipande kinene, na siagi, hebu itazame siagi ile, yeye Jarlath, jirani wa miaka yote, hajapakiwa siagi namna hiyo hata siku aliyomtoa ndama wa Attracta mtaroni… "Basi ndiyo hivyo, Jarlath bwana," Enda anasema huku anatafuna, "kile kipande cha kinamasi nyuma ya misonobari sasa changu, jana mimi na Attracta tulikuwa kwa wakili, nikatia sahihi, mwakani nitaota moto wa mboji yangu mwenyewe," naye Jarlath amesema hongera, au amedhani amesema, sauti imetoka kama ya mtu aliyemeza mfupa, hongera, hongera ya nini, mgongo huu ndio ulioinama kwenye kipande kile kila masika tangu Packie, mume wa Attracta, alipozikwa, yeye Jarlath na sepeto lake, anakata mboji mbichi, ule udongo wa kinamasi unaokaushwa ukawa kuni, nyeusi, inateleza kama samaki, anaitandaza juani, jua lenyewe la kuvizia, anaigeuza, anaisimamisha vibonge vikiegemeana vikauke, visubi vinamla masikio, kisha trekta mpaka hapa, anaipanga ukutani kwa Attracta vizuri kuliko anavyoipanga kwake, na moto huu unaozikausha soksi za Enda ni jasho la nani… "Nikuongeze maziwa, Enda?" Enda! Hajamaliza hata mwaka tangu arudi kutoka Birmingham, kapara kake kanang'aa, na tayari anaulizwa maziwa, Jarlath haulizwi, Jarlath anatiwa tu, kwa mazoea, kama paka… na kipande chake mwenyewe cha kinamasi kimekwisha, mwaka jana sepeto lilikwaruza ule udongo mweupe wa chini, hapo ujue hakuna tena, akaja hapa akamwambia Attracta, "Changu kimekwisha," na Attracta akasema, "Pole, Jarlath," na yeye akabaki anageuza kofia mkononi, anangoja, akidhani mwenye akili ataelewa, akaenda zake… "Ila ungeniambia," anajisikia akisema sasa, kwa ukali zaidi kuliko alivyotaka, "ningejua kama kinauzwa." Attracta anamtazama, birika liko mkononi. "Hakikuwa kinauzwa. Enda alikuja Jumapili baada ya misa, akaniuliza, Attracta, utaniuzia? Basi." "Basi?" "Nikajua wewe hukitaki. Miaka yote ile hukusema neno." "Huyu!" Enda anadakia, makombo ya mkate yanamruka, "huyu ukimngoja aseme utaota ukungu!" na Attracta anacheka, anacheka kabisa, kiganja mdomoni, na Jarlath kicheko kile anakijua, alikisikia kwenye ukumbi wa dansi wakiwa vijana, yeye amesimama ukutani, shati limepigwa pasi, anangoja wimbo wa polepole, hapana, huu una kasi, angoje unaofuata, na unaofuata ulipoanza Packie alishavuka ukumbi mzima na viatu vyake vya matope, akanyoosha mkono tu, akasema neno moja, na Attracta akacheka vilevile, kiganja mdomoni… na Enda naye hajaja kwa ajili ya mboji tu, kipofu angeona, ameanza na kinamasi, atafuata zizi, atafuata nyumba, na masika moja Jarlath atapita barabarani aone suruali za Enda zimeanikwa kwenye kamba ya Attracta… amchukie basi, mbona anajaribu kumchukia na chuki haishiki, inateleza, mtu amekosa nini, hakuiba, hakudanganya, alifungua mdomo, Packie naye alifungua mdomo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini yeye aliinama, mgongo shahidi, aliinama miaka yote akidhani kuinama ni kusema, akimpangia mwanamke mboji ukutani kama barua, na nani husoma mboji, mboji huchomwa… "Utamsaidia Enda kukata, au siyo?" Attracta anauliza, na Enda, "Nisaidie, mzee mwenzangu, mikono yangu imezoea usukani, si sepeto," na kitu cha ajabu, kipande kile hakimuumi tena, na akichukue, akikate mpaka kwenye udongo mweupe, si mboji iliyokuwa ikimpeleka kule mvuani kila masika, alijua, alijua siku zote, akajificha nyuma ya sepeto… chai ya pili inamiminwa, haijafika ukingoni mwa kikombe, Enda bado kakalia kiti, nje mvua bado haijaamua, na Attracta ameinua uso. "Sema, Jarlath. Umeachama hivyo, ulitaka kusema nini?" na kweli mdomo uko wazi, maneno yamefika kwenye meno, si ya kinamasi, ni yale aliyoyameza ukutani kule kwenye dansi, na Enda yupo palepale na masikio yake mawili, basi naye asikie…