Sikio la Ukumbi

Dijei waliyemwita Mshono hakuwahi kukwaruza santuri maishani mwake, na jambo hilo alilitangaza kama mtu anavyotangaza kwamba hajawahi kulala polisi. Jina alipewa na wachezaji wenyewe, kwa sababu alikuwa akiunga wimbo mmoja wa hip-hop na mwingine usijue kaungia wapi. Unacheza, unacheza, mara unagundua rapa uliyekuwa ukimfuata kaondoka kitambo na mwingine yuko katikati ya ubeti wake, wala hukusikia mtu akiaga. Madijei wenzake walikwaruza santuri mpaka zikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na watu wakawapigia mbinja. Mshono alitabasamu tu.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alizoea kusema. "Anayekwaruza ana shimo analolificha."

Kazi yake yote ilikuwa masikioni. Sikio la kushoto alilivika hedifoni lisikilize wimbo unaokuja, la kulia aliliacha wazi lisikilize ukumbi. Alihesabu midundo, moja mpaka nne, kisha tena na tena, mpaka rapa avute pumzi. Hapo ndipo alipomwingiza wa pili, huku akiikata besi ya wimbo wa kwanza, maana besi mbili zikikutana ni fujo, na marapa wawili wakisema kwa pamoja ni sokoni. Kwenye mixa, mashine ya kuchanganyia nyimbo, kila santuri ilikuwa na kitelezi chake, kidude cha kusukuma juu na chini, naye alikiita mlango. Mlango ukiwa chini, wimbo unausikia peke yako kwenye hedifoni. Ukiusukuma juu, unausikia ukumbi mzima. Dijei mwenye masikio mawili hawezi kukosea hapo hata akiwa amelewa.

Mshono alikuwa amebakiwa na sikio moja.

La kulia lilianza kwa mluzi mwembamba. Akalilaumu baridi, akalilaumu maji ya kuoga, akatia mafuta ya kila namna aliyoambiwa na majirani. Binti yake alipofaulu kumkokota mpaka hospitali, daktari alimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na siku hiyo Mshono aliwachukia wahenga wote, mmoja mmoja.

"Waambie watu wa ukumbini, baba," binti yake alimsihi wakishuka ngazi za hospitali. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikiwaambia, kila nikikosea watasema ni sikio. Nisipokosea watanipigia makofi ya huruma. Sitaki."

"Na mimi nijifanye sijui mpaka lini?"

"Mpaka nikosee."

Alikuwa mgane. Siku sita za wiki alikaa na makasha ya santuri na picha ya marehemu mkewe, akingoja ya saba. Jumapili, saa tisa alasiri, katika ukumbi ule wenye nguzo nne na feni moja mbovu, alikuwa mtu. Miaka kumi na moja alikuwa mtu kila Jumapili. Sasa mwenye ukumbi, mama mmoja mcheshi asiyependa maneno mengi, alikuwa amemwita pembeni.

"Kaka, kuna kijana anaitwa Kucha, anakwaruza mpaka basi. Jumapili hii mtapiga wote wawili, yeye saa nzima, wewe saa nzima. Atakayewachezesha zaidi ndiye atabaki na Jumapili. Usinichukie."

Hakumchukia. Alirudi nyumbani akafanya mazoezi wiki mbili. Mixa yake ilimruhusu kuzisikia nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni, kwa hiyo aliziunga humo ndani, kwa sikio lake la pekee, na kila mara aligusa milango kwa kidole, kama mtu anayehakikisha ufunguo bado uko mfukoni. Alichagua mshono mmoja wa kuwamaliza: wimbo wa taratibu wenye tarumbeta, na juu yake dada mmoja rapa anayeanza kuchana mistari kwa kunong'ona. Tarumbeta ikinyamaza, dada anaingia. Mazoezini aliupata mara thelathini bila kukosea.

Jumapili Kucha alitangulia. Aliikwaruza santuri kwa vidole, kwa kiwiko, mara moja kwa kidevu. Watu walipiga mbinja mpaka feni ikaona haya. Akashuka akitoka jasho.

"Shikamoo, mzee. Nimekupashia moto ukumbi."

"Marahaba. Hujaupasha, umeuunguza."

Kucha alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuumiza Mshono zaidi. Ni vigumu kunyang'anywa maisha yako na mtu mwenye adabu.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Mabega ya watu yalilegea, wanandoa wa makamo walisogeleana, na binti yake, aliyesimama kwenye nguzo na mkoba kifuani, aliacha kuuma midomo. Mshono aliweka wimbo wa tarumbeta. Akaandaa santuri ya yule dada, akaufungua mlango wake mapema ili mikono iwe huru.

Ndipo mwenye ukumbi alipokuja, na akaja upande wa kulia. Alisema neno. Mshono hakusikia kitu. Alipoguswa bega ndipo alipogutuka, akaushusha mlango haraka ili dada asiingie kabla ya wakati, akavua hedifoni na kumgeuzia sikio zima.

"Nasema, hukwaruzi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama akaenda zake akicheka. Mshono alivaa hedifoni upesi. Alikuwa amepoteza hesabu. Akaitafuta: moja, mbili, tatu, nne. Akaipata! Furaha ilimpanda, akafumba macho. Tarumbeta ikavuta sauti yake ya mwisho, dada akanong'ona mstari wa kwanza ndani yake, na pale walipokutana hapakuwa na hata uzi. Akaufunga mlango wa tarumbeta taratibu. Akaifungulia besi ya dada, ikamjaa kichwani. Machozi yalimtoka. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuunga vile, alijua, na alimkumbuka mkewe, aliyezoea kumwambia kwamba siku moja ataunga nyimbo mpaka watu wasahau kucheza.

Akafumbua macho. Watu walikuwa wamesahau kucheza.

Ukumbi mzima ulisimama ukimtazama. Mshono aliinua mkono kuwashukuru. Hakuna aliyeitikia. Mwanamume mmoja mbele alimnong'oneza mkewe. Kucha alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Watu wakapisha njia, akamwona binti yake akija, na alikuja bila kukimbia, akapanda jukwaani, akamsogezea hedifoni pembeni na kuinama kwenye sikio la kushoto.

"Umeusikia?" Mshono alimuuliza kabla hajasema. "Umeusikia mshono ule?"

"Baba, ukumbi uko kimya."

Alitazama mixa. Mlango wa kwanza ulikuwa chini. Mlango wa pili ulikuwa chini.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofumba macho."

Santuri ilikuwa bado inazunguka. Yule dada alikuwa ameingia ubeti wa pili, mle ndani ya hedifoni, anawachania watu wasiomsikia. Mshono aliweka kidole kwenye mlango. Kuusukuma juu ilikuwa kazi ya kidole kimoja, ila mkono ulikataa.

Kucha alikuwa amefika mezani. Aliongea polepole, akiutazama uso wa mzee, na Mshono akatambua kwamba kijana amekwisha elewa.

"Mzee, nikwaruze kidogo? Watadhani ni makusudi."

Miaka thelathini ya udijei alikuwa akiwacheka wenye mashimo. Akakiondoa kidole.

"Kwaruza, mwanangu," akasema.

Akampisha, akaketi juu ya kasha la santuri na hedifoni mapajani. Kucha akakwaruza, akausukuma mlango juu, na watu wakalipuka kwa mbinja wakidhani wamefanyiwa mchezo. Mshono aliwatazama wakirusha mikono. Binti yake alichuchumaa upande wa kushoto, akamwambia jambo. Hakulisikia, wala hakumwomba arudie.