Mkono wa Mama Wino

Kila asubuhi, kabla ya upasuaji wa kwanza, wauguzi walijipanga kwenye sinki refu la chuma na kusoma mkono wa Mama Wino. Huo ndio ulikuwa mchezo wao kwa miaka kumi na moja. Mwanamke yule alijiandikia kila kitu: mafuta ya kupikia, ada, mpigie dada, funguo ziko kwa jirani. Aliandika kwa kalamu ya bluu, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na akifika kazini aliyasugua yote kwa sabuni na brashi kama sheria inavyotaka. "Gazeti limetoka?" wenzake waliuliza, naye alinyoosha mkono wakasoma, wakacheka, ndipo wakafungua maji. Msomaji alikuwa shoga yake, muuguzi mwembamba waliyempa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Nje ya chumba cha upasuaji, Mama Wino alikuwa mtu wa kuunguza sufuria na kupitiliza kituo chake. Ndani alikuwa mtu mwingine kabisa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: vitambaa vya kufyonza damu, sindano, mikasi, kila kilichoingia mwilini mwa mgonjwa na kila kilichotoka, kabla jeraha halijashonwa. Alihesabu kwa sauti akiandika ubaoni, na hesabu ikigoma hakuna daktari aliyethubutu kushika uzi, hata awe bingwa wa namna gani. Miaka yote hiyo hakuna kitambaa hata kimoja kilichosahaulika ndani ya mtu. Humo tu ndimo kichwa chake kilimotulia, na aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote.

Yaliyomkuta yalianzia kwa binti yake wa miaka tisa. Mwalimu alituma barua: mtoto hakai kitini, anaanza kumi hamalizi moja, apelekwe akapimwe. Mama akampeleka kliniki ya akili ya mji wa pili, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliuliza habari za mtoto, kisha taratibu akamgeukia mama mtu. Na wewe ulipokuwa mdogo? Na sasa je? Huo mkono una nini? Mwishowe akamweleza bila kuzunguka kwamba lile tatizo la umakini wanaloliita ADHD mtu huzaliwa nalo, na yeye amekuwa nalo maisha yake yote. Mama Wino akalia palepale. Tangu utotoni alikuwa ameitwa mzembe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa akijitahidi.

"Dawa ipo," daktari alisema. "Alhamisi ya wiki ijayo njoo na mtoto, tuanze na nyote wawili."

"Faili langu nani analiona?"

"Mimi na karani wa masijala, basi."

"Na kazini kwangu?"

"Hawatajua. Labda uwaambie mwenyewe."

Jibu lile halikumtuliza. Alifanya kazi hospitali, alijua mafaili yanavyolala wazi mezani huku makarani wakipiga soga. Alijua pia maneno yanayosemwa juu ya mtu aliyeonekana tu akitoka jengo la wagonjwa wa akili. Hati aliyopewa na daktari akaishonea ndani ya mto wake wa kulalia. Hata mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi, hakumwambia.

Ikabaki shida ya kuikumbuka siku yenyewe. Miadi ya kwanza ya mtoto, kabla hawajaonana na daktari huyo, alijichorea nyota tu mkononi ili asielewe mtu. Siku ilipofika hata yeye hakuielewa, na miadi ikapita. Safari hii hakutaka mchezo. Jumapili jioni akaandika kwa ukamilifu, juu kidogo ya kifundo: Alhamisi saa nne kliniki ya akili, mimi na mtoto, dawa. Akajiapiza kwamba asubuhi atanakili karatasini na kufuta kabla hajatoka nyumbani. Asubuhi binti akapoteza kiatu cha kushoto, wakakisaka nyumba nzima mpaka kikapatikana ndani ya ndoo, na wino ukaondoka naye chini ya sweta.

Kwenye sinki alinyoosha mkono bila kufikiri, kama alivyounyoosha asubuhi zote.

"Haya, habari kwa ufupi," Redio akaanza kwa madaha. "Alhamisi, saa nne, kliniki ya akili, mimi na mtoto..." Alikuwa ameshafika kwenye dawa ndipo sauti ikamwishia.

Walikuwepo watu wanne. Hakuna aliyecheka. Mmoja akafungua bomba, na wote wakaanza kunawa kwa bidii ambayo sijui walikuwa wameificha wapi siku zote.

"Shoga, nisamehe," Redio alinong'ona. "Nimesoma tu. Si unanijua ninavyosoma?"

"Nakujua."

Kweli alimjua, na hilo lilimuuma zaidi, maana hakuwa hata na adui wa kumlaumu.

Siku hiyo alihesabu katika upasuaji mara tatu na hesabu zote zikatimia. Ila kila alipotaja namba, mtu mwingine aliirudia nyuma yake kwa sauti ya chini. Saa nane habari ilikuwa imemfikia metroni, mkuu wa wauguzi, akamwita ofisini. Metroni alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu tangu akiwa mwanafunzi.

"Mwanangu, sisemi wewe una wazimu."

"Sina, mama. Hesabu yangu imewahi kupotea?"

"Haijawahi hata siku moja."

"Sasa kosa langu nini?"

Metroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Siku hesabu ikipotea, hata kwa mkono wa mwingine, wataniuliza nilijua au sikujua. Jana nilikuwa sijui. Leo najua. Nitawajibu nini?"

"Waambie miaka kumi na moja."

"Hiyo hawataihesabu." Akasukuma barua mezani bila kumtazama usoni. Kuanzia kesho, stoo ya mashuka.

Kumbe kosa lilikuwa kujulikana. Jana na leo alikuwa mtu yuleyule, mwenye kichwa kilekile, lakini jana waliweka maisha ya watu mikononi mwake na leo walimpa mashuka. Jumanne na Jumatano alihesabu mashuka, akakosea mara mbili, na hakuna aliyejali.

Jumatano jioni binti alimkimbilia mlangoni, uso umejaa furaha, mkono wa sweta umekunjwa mpaka juu. Kwenye ngozi, kwa herufi zilizopinda, alikuwa ameandika: Kesho daktari, mimi na mama, usisahau.

"Mama, ona! Nimeandika kama wewe!"

"Nani ameona?"

"Darasa zima. Nimewasomea."

Mama akamshika, akamvuta mpaka bombani. Alisugua kwa sabuni na brashi, kiganja, kifundo, mpaka kwenye kiwiko, kama kazini. Wino ulitoka mapema, lakini aliendelea kusugua huku machozi yakimtiririka.

"Mama, unaniumiza."

Akaacha. Brashi ikaanguka ndani ya beseni.

"Sasa kesho nitakumbukaje?"

"Hakuna cha kukumbuka," mama alisema. "Kesho unaenda shule."

Binti aliutazama mkono wake uliokuwa mwekundu. Kisha akaushusha mkono wa sweta, polepole, mpaka ukafunika vidole.