Mchanga wa Fungu

Bi Mwanatumu ameegemea ukuta, adhuhuri ya joto, mchanga mweupe wa fungu, ule mwinuko wa mchanga kwenye mlango wa mto, umeshachekechwa, umebaki kuchanganywa na liwa na mawaridi apate kumsinga, kumsugua mwili ung'ae, mjukuu wake Sauda anayeolewa jioni, na usingizi unamchukua hivyohivyo, mkono ungali ndani ya bakuli. Mkono unazama. Unazama hadi begani, naye anaufuata, anatokea upande wa pili, na ni Kifunguni ileile, mji wao, ila nyumba zinaning'inia kichwa chini kama zinavyoonekana mtoni maji yakitulia, na kila njia anayoishika inamrudisha kwenye mlango wa mto. Panavunda. Anaziba pua kwa mtandio, kinyaa kimemshika, anajisemea mji gani huu, na sisi tunavyojisifu usafi.

Mwanamke anamtokea, na mahali pa uso wake ni laini tupu. Mwenzangu, nionyeshe njia ya nyumbani, nina harusi, anasema Bi Mwanatumu. Harusi zenu zote naalikwa, anajibu yule, na sijalishwa hata moja. Nakuuliza njia, wanipa kitendawili. Njia ndiyo hiyo, somo, tembea. Wanatembea, na mji unazidi kuwa wa kale, mabati yanageuka makuti, soko linageuka ua wa miti ya mikoko, na ndani ya ua kuna watu waliofungwa shingo kwa shingo wakingoja kupakiwa majahazini wakauzwe. Bi Mwanatumu anatikisa kichwa. Sisi tuliuza chumvi, anasema, babu zetu walituambia chumvi. Wenye kanzu safi wanaingia wakiwa wameziba pua, na mmoja wao ana macho ya babu yake Bi Mwanatumu hasa, wanawachagua wagonjwa wasio na mnunuzi, wanawabeba hadi kwenye fungu maji yakiwa yametoka, wanawaacha pale, wanarudi kunawa mikono kwa marashi. Maji yanajaa. Yanatoka, yanajaa, kaa wanashiba, mto unasaga mifupa miaka na miaka, hadi anakuja bibi mmoja na kikapu, anachota weupe ule, anausugua mkononi, anasema huu mlaini, utawafaa wari wetu.

Alijua? anauliza Bi Mwanatumu. Alinusa kwanza, anajibu asiye na uso. Alinusa, ndipo akaongeza mawaridi.

Bi Mwanatumu anatapika, na kinachotoka ni kikavu, cheupe. Na uso wako, mwenzangu, umekwenda wapi? Uko kwenye mashavu ya binti zenu.

Bibi, amka, wageni wanafika. Ni Sauda, ameketi jamvini, kanga ameiteremsha mabegani, anangoja kusingwa. Bi Mwanatumu analiinua bakuli, na kwa mara ya kwanza maishani analinusa kabla ya kutia mawaridi. Analifunika upesi.

Leo utakoga maji matupu, mjukuu wangu. Bakuli hili linakwenda makaburini.

Maji matupu, Bibi? Watu watasemaje? Mama alisingwa, na wewe ulisingwa.

Nilisingwa, anasema Bi Mwanatumu, na anaukuna mkono wake, hana hakika kama ameamka, anaukuna kwa kucha, na unga mweupe unazidi kutoka.