Kumi na Mbili za Kuangalia Tu

Mji mzima ulimwita Mizani, na yeye mwenyewe alikwisha kusahau kukasirika. Kwa miaka thelathini na moja alizunguka masokoni na kisanduku cha mawe ya shaba, akikagua mizani za wauza nyama na wauza sukari, na hakuna aliyewahi kumwona akiamini kipimo cha kwanza. Jiwe la kilo aliliweka, akalitoa, akaliweka tena. "Cha kwanza ni cha kujaribu," alikuwa akisema, huku mwenye duka jasho jembamba likimtoka. Mtu wa namna hiyo ukimtuma kiberiti, chai utakunywa kesho.

Sasa mtu huyo, akiwa amestaafu, alitumwa kununua boti.

Aliyemtuma ni mkewe. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mwezi wa tano sasa, kikamwachia mkono wa kushoto na ulimi usio na haraka. Daktari alimvuta Mizani pembeni, kwenye ujia wa hospitali, akamwambia, "Anachokitaka mfanyie mapema, mzee." Na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kurudi kwao ng'ambo ya ziwa, kwenye mchanga mweupe aliouchezea utotoni, akiwa ameketi na si amelazwa, ndani ya boti yao wenyewe. Siku alipoolewa alivushwa kwa chombo cha kukodi, akalia njia nzima, na kijana aliyemwoa akambembeleza: "Nyamaza. Nitakurudisha kwa boti yetu." Ahadi hiyo ilikuwa na miaka arobaini na miwili.

Mizani alikubali siku hiyo hiyo, tena machozi yakimlengalenga. Lakini alikubali kwa namna yake. Boti zote zilizotafuta wanunuzi zililetwa kwenye karakana ya Bwana Lami, kule ufukweni kwenye tope jeusi, mbili au tatu kila wiki. Mizani akaweka utaratibu: kumi na mbili za kwanza ni za kuangalia tu, za kulifundisha jicho. Hata ziwe nzuri namna gani, hanunui. Baada ya hapo, ya kwanza itakayozishinda zote kumi na mbili ataichukua papo hapo, bila kuuliza mara mbili. Aliuona utaratibu huo kuwa wa akili sana, na kusema kweli, kwa mizani za sukari ungefaa.

Kila alipotoka karakana alikuja na daftari. Alivuta kiti, akakiweka kushoto kwa kitanda, akamsomea mkewe boti ya siku hiyo sentimita kwa sentimita. Mkewe alifumba macho ili aingie ndani yake.

"Nimekaa," angesema. "Mkono wangu wa kushoto unashika nini?"

"Ukingo wa mbao. Umelainika. Aliyekuwa nayo kabla naye alikuwa akishika hapo hapo."

Hiyo ilikuwa ya nne. Boti ndogo ya kijani, ya mbao, injini moja nyuma, na huko huko nyuma, shetrini, kiti chenye mgongo, kama kilichopimwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujishikilia sana. Mkewe alikaa ndani yake, akatabasamu kwa upande ule mmoja wa mdomo uliobaki kutabasamu.

"Hii hii," alisema. "Ichukue, Mizani."

"Ni ya nne tu, mama. Tuna nane za kuangalia."

Hakubishana naye. Alisema, "Haya," akafumbua macho.

Siku mbili baada ya kumsomea ya tano, Mizani alikwenda kuangalia ya sita. Bwana Lami alikuwa amechuchumaa akiziba nyufa, mikono myeusi mpaka viwiko, lami iliyompa jina.

"Mzee, nilidhani mama ni mgonjwa," alisema. "Kumbe anatembea vizuri."

"Mama yupi?"

"Mkeo. Juzi jioni. Gauni la maua ya zambarau. Nilipomwuliza yeye nani, kaniambia mke wa Mizani. Kaketi kwenye ile ya tano, ya bluu, anapapasa ukingo wa kushoto, anapapasa, utadhani kadondosha hereni. Nikamwambia, mama, kishikio kiko kulia. Nageuka kuchukua nyundo, hayupo."

Mizani alicheka, maana watu wa karakana hawakosi maneno. Alicheka mpaka alipofungua daftari. Boti ya tano aliichora akiwa ameelekea nyuma, kulia na kushoto vikabadilishana, na ndivyo alivyomsomea mkewe: kishikio kiko kushoto. Gauni la zambarau ndilo alilokuwa amevaa siku ile kitandani. Alilifunga daftari taratibu, akaomba maji ya kunywa.

Mtu mwingine angekimbilia nyumbani. Mizani alitaka kupima tena. Aliporudi, alimsomea mkewe boti ya sita, nyeupe, ya faiba, akamtilia humo uongo mmoja kwa makusudi: kwamba katikati kuna kiti cha kukaa watu wawili. Boti ile katikati ilikuwa tupu, sakafu peke yake.

"Nimekaa katikati," mkewe alisema, macho yamefumbwa. "Pana hewa nzuri."

Kesho yake Mizani alifika karakana kabla Bwana Lami hajamaliza uji wake. Fundi hakumsalimia.

"Mzee, mimi na wewe tunaheshimiana," alisema. "Mke wako asije tena peke yake. Jana kakaa kwenye ile nyeupe, katikati. Kakaa, miguu kaikunja, mgongo kaunyoosha. Na pale katikati hapana kiti."

 Kipimo kilikuwa kimesoma sawa mara mbili, na kwa kazi yake hilo lilikuwa limetosha kumfungia mtu duka.

Kwa siku chache alirudi mikono mitupu na kusema hakuna boti mpya. Lakini mkewe alimjua.

"Umeiona ya saba," alisema. "Nisomee. Nikilala hapa bila kwenda popote, dari hili litaniua kabla ya ugonjwa."

Akamsomea. Akamsomea ya nane pia, na ya tisa. Na hapo ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyehamia kwao kumuuguza dada yake, alipoanza kumtazama kwa jicho la pembe. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno makali na mikono laini, na utani kati yake na Mizani ulikuwa wa miaka mingi. Siku hiyo utani haukuwepo. Alimwita jikoni, akamwonyesha shuka aliyoitoa kitandani. Upande wa miguuni ilikuwa imelowa.

"Na usifikiri unavyofikiri," alisema. "Nusa. Ni maji ya ziwa. Tope hili hapa, shemeji, limeingiaje kitandani kwa mtu asiyesimama?"

Mizani aliikunja shuka, tope likiwa ndani.

"Halafu harudi upesi. Zamani ukimaliza kumsomea alifumbua macho mwenyewe. Ya saba ulimwita mara mbili. Jana nimempigia makofi masikioni mpaka viganja vikaniwaka. Nikamwuliza, dada, ulikuwa wapi? Akasema kupanda ni rahisi, kushuka ndiko kazi. Nunua hiyo boti, au acha kumsomea."

"Zimebaki tatu."

"Tatu za nini?"

"Za kuangalia."

Shemeji alishika kiuno. "Aliitaka ya nne. Mpaka leo anaitaja ya nne. Iko wapi?"

"Ipo pale pale. Haina haraka."

"Wewe hutafuti boti, shemeji," alisema, na sauti yake ilishuka. "Unaogopa kumpeleka."

 Neno lile lilikuwa kweli, na Mizani alijua ni kweli tangu siku ya daktari. Siku atakayonunua boti ndiyo siku watakayofunga safari, na ng'ambo mkewe hakuwa akienda kutembea, alikuwa akienda kumalizia. Maadamu yeye anaangalia, mkewe anasubiri, na anayesubiri bado yupo. Aliogopa kama mtoto, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana mtu wa kumwambia mambo yake ndiye huyo huyo aliyelala chumbani.

Basi akaangalia ya kumi. Akaangalia ya kumi na moja na ya kumi na mbili, akazisoma kwa sauti ya chini na ya haraka, akimshika mkewe mkono wa kushoto muda wote ili asiende mbali. Haikusaidia. Baada ya ya kumi na mbili mkewe alikaa robo saa bila kufumbua macho, na aliporudi midomo ilikuwa ya baridi. Ya kumi na tatu ilivuja. Ya kumi na nne ilikuwa nzuri, lakini si kuishinda ya kijani. Hakuna iliyoishinda ya kijani. Jicho lake alilolifundisha kwa wiki saba lilimwambia kile ambacho mkewe alikisema siku ya boti ya nne.

Asubuhi iliyofuata aliamka amepiga moyo konde. Alivaa shati la kazi, akaweka futi ya chuma mfukoni kwa mazoea, akaingia chumbani kuaga.

"Leo nakwenda kuichukua ya nne," alisema.

Mkewe alimtazama kwa furaha ya wazi kabisa. "Nisomee kwanza."

Hakuhitaji daftari. Alimsomea yote kwa kichwa, bila kosa na bila uongo: ubao wa kijani, kiti chenye mgongo, ukingo uliolainika. Mkewe alifumba macho. "Nimekaa," alisema. Safari hii Mizani hakumwita arudi. Alifikiri, mwache akae humo humo, nikifika nitamkuta, kwa mara ya kwanza nimwone kwa macho yangu ameketi. Alitoka nyumbani karibu akimbie.

Langoni mwa karakana palikuwa na boti mpya juu ya mkokoteni, imeletwa asubuhi hiyo. Ya kumi na tano. Mbao nyekundu, safi, kiti chenye mgongo kama cha ile ya kijani. Mizani aliipita. Alipiga hatua nne, akasimama. Kama hii ni bora kuliko ya nne, je? Si atamwonea mkewe, kumpeleka kwa iliyo ya pili? Kutazama tu, alijiambia, dakika moja. Akatoa futi mfukoni.

Alipima kiti. Alipima ukingo. Hakuridhika na kipimo cha kwanza, akapima tena. Ukingo ulizidi wa ile ya kijani kwa sentimita mbili, mtu aliyekaa angelazimika kuinua bega. Haifai. Alinyanyua kichwa akiwa ametosheka, na ndipo aliposikia injini ikiwaka upande wa majini.

Bwana Lami alikuja akijifuta mikono.

"Ah, mzee, uko hapa? Basi imekuwa vizuri. Wale jamaa wa ng'ambo wamekuja alfajiri, wameichukua ile ya kijani."

"Ya nne?"

"Si uliniambia ni ya kuangalia tu?" Fundi alimkodolea macho. "Na mama kasema hamna neno. Alikuwa keshakaa ndani wakati tunaisukuma majini. Jamaa wakasema, aje tu, njia ni moja. Nikamwuliza, mama, na mzee je? Akasema, 'Yuko pale langoni. Bado anapima.'"

Mizani alikimbia mpaka magoti yakaingia kwenye tope. Boti ya kijani ilikuwa imeshafika mbali, kama umbali wa kutoka jengo la soko hadi barabarani. Wanaume wawili walisimama mbele. Nyuma, kwenye kiti chenye mgongo, alikaa mwanamke wa gauni la zambarau, mgongo wima, mkono wa kushoto juu ya ukingo. Alimwita kwa jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili tu. Wanaume wale waligeuka. Yeye hakugeuka.

Nyumbani alimkuta shemeji amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, viganja vyekundu kwa kupiga makofi.  Mizani aliinua shuka upande wa miguuni. Ilikuwa kavu, na nyayo za mkewe zilikuwa kavu, na katikati ya vidole palikuwa na mchanga mweupe.

Alivuta kiti, akakaa, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

"Chumba," alisoma, ingawa hapakuwa na kitu kilichoandikwa. "Mita tatu na nusu kwa nne. Kitanda cha mbao, godoro jipya. Kulia kwako kuna dirisha, pazia ni la manjano. Dari... dari nitalipaka rangi. Umekaa, mama? Kaa. Mkono wako wa kushoto unashika..."

Akakwama. Boti kumi na tano alizijua mpaka misumari, lakini cha kushika ndani ya chumba hiki hakukijua. Alinyanyua macho kutazama kushoto kwa kitanda palikuwa na nini. Palikuwa na kiti alichokalia yeye.

"Mwache, shemeji," mdogo wa mkewe alisema kutoka sakafuni. "Keshafika."

Mizani aliweka mkono wake pale ambapo ukingo ungekuwa, akaendelea kusoma.